Mke Mwenza wa Kioo

Alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka ishirini na saba, na hata alipostaafu usafi ulikuwa umemkaa damuni. Alifua mapazia ambayo hayajapata vumbi. Siku moja aliwahi kuosha redio, kwa maji, na redio haikusema tena. Mume wake, fundi saa, mtu mpole wa maneno machache, hakumgombeza. Alimpa tu jina la Mkuu, na jina likashika mpaka kwa majirani.

Huyo mume naye alikuwa na ugonjwa wake: tangi la samaki. Lilikaa sebuleni juu ya meza ya mbao, na kila jioni alivuta kiti mbele yake akasahau dunia. Mkuu alikuwa akiliita "mke mwenzangu". Mgeni akiuliza baba yuko wapi, anajibiwa kwamba leo ni zamu ya bi mdogo. Fundi saa alicheka, akaendelea kumsimulia mkewe habari za mle ndani, nani kamnunia nani, nani hajala, huku Mkuu akipiga pasi na kuitikia "ehe" bila kugeuka.

Kisha kiharusi kikamwangusha mume. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa, na kwa wiki tatu wodini hakutamka neno. Daktari alimweleza Mkuu kwamba maneno huenda yakarudi, ila mgonjwa ameanza kufa moyo, na aliyekufa moyo hajisumbui kuyatafuta. Je, kuna kitu nyumbani anachokipenda sana? Mkuu akasema kipo, tena cha kioo. Wakakubaliana mgonjwa arudi nyumbani Jumamosi ya wiki inayofuata.

Alipotoka hospitali siku hiyo, Mkuu alisimama mbele ya tangi akaona aibu. Kioo kilikuwa na utando wa kijani, mawe yanateleza, sponji ya kuchujia maji imekuwa rangi ya tope. Mume arudi akute haya? Akawahamishia samaki kwenye ndoo ya maji ya bomba, akamwaga maji yote ya tangi, akasugua kioo, mawe na sponji kwa sabuni ya unga na ile dawa kali ya kung'arisha mashuka. Akasuuza, akajaza maji, akawarudisha wenyewe kwao. Tangi liling'aa. Kulipokucha, samaki wote walikuwa wanaelea juu.

Mumewe alipoanguka, Mkuu hakulia. Alikuwa na kazi ya kuita gari. Asubuhi hii alikaa sakafuni akalia mpaka kanga ikalowa. Alihisi amempiga mgonjwa akiwa kitandani.

Akapiga moyo konde, akaenda duka la samaki nyuma ya soko. Mwenye duka, mama mmoja wa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitwa Mama Tangi, na alikuwa na sharti lake: hakuuzii samaki mpaka umletee chupa ya maji ya tangi lako. Mkuu akarudishwa nyumbani bila simile. Aliporudi na chupa ya jemu, Mama Tangi aliifungua akainusa.

"Dada, haya yananukia shuka."

Ikabidi Mkuu aseme yote. Akamaliza kwa kuomba apewe samaki wale wale, waingie kabla ya Jumamosi, mzee asijue kitu. Mama Tangi akauliza ni samaki gani. Miaka thelathini na moja Mkuu alipita mbele ya tangi lile na kitambaa cha vumbi, na hakujua ni samaki wa aina gani.

Akaonyesha waliomvutia macho, wanono wa manjano wenye mikanda myeusi. Mama Tangi akatikisa kichwa. Hao ni wachokozi, akasema, wanamtafuna mwenzao mwenye mapezi marefu mpaka anabaki kama ufagio uliochakaa. Wapo wanaopenda maji ya baridi na wapo wanaotaka vuguvugu, wapo wa juu na wa chini, wapo wasioweza kuishi bila kundi. Mtu anayekaa mbele ya tangi kila jioni hawezi kuwa aliwachanganya ovyo.

"Basi niambie chochote," Mama Tangi akasema. "Mzee alikuwa anasema nini juu yao?"

Mkuu alitaka kusema hakumbuki, lakini kilichomtoka ni kingine. Kulikuwa na Mashemeji, akasema, wanakimbizana juu kutwa nzima, ukimtenga mmoja anagoma kula. Mama Tangi akapiga hatua mbili, akasimama mbele ya wembamba wenye mistari ya buluu kutoka kichwani hadi mkiani. Halafu kulikuwa na Makarani, wanapekua mchanga chini kama wanaotafuta faili lililopotea. Mama Tangi akaonyesha wanne wenye visharubu. Na Daktari, mpole, hapendi zogo, ana nyuzi mbili ndefu kifuani, humpapasa kila mgonjwa kwanza ndipo ampite. Huyo naye alikuwepo, peke yake kwenye tangi la kona, akipapasa jani.

Mkuu alisimama pale akishangaa nafsi yake. Alikuwa na habari zao zote. Wakati akidhani anapiga pasi tu, alikuwa anamsikiliza mume wake.

Lakini Mama Tangi alikataa kumuuzia wote. Ule uchafu alioung'oa, akamweleza, ndio uliokuwa ukila taka za samaki. Bila huo, maji yanageuka sumu. Alimwagiza abadilishe mawe, asuuze tangi mara nyingi, maji ya bomba ayatie dawa atakayompa, kisha akamkabidhi sponji kuukuu kutoka tangi lake mwenyewe, ya kahawia, imejaa uchafu ule ule, inatisha. Atawapata Mashemeji sita, maana ni wavumilivu. Makarani mwezi ujao, maji yakipimwa yakawa mazuri. Daktari baada yao.

"Hii sponji usiioshe kwa sabuni. Niahidi."

Mkuu aliahidi, ila kiapo cha ndoa kilikuwa chepesi kuliko hicho.

Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuficha. Jumamosi fundi saa aliingizwa sebuleni, akaketishwa kwenye kiti chake. Mashemeji walikuwa wanakimbizana juu; chini mchanga ulikuwa mtupu. Macho yake yalizunguka tangi kona hadi kona, yakarudi, yakazunguka tena.

"Nimewaua mimi," Mkuu akasema. "Nilitaka ukute pasafi. Nikasugua kila kitu kwa sabuni. Hawa ni wageni. Nisamehe, mume wangu."

Mabega ya mumewe yakaanza kutikisika. Mkuu akapiga magoti amfute machozi, akaona upande mmoja wa mdomo umepanda juu. Mzee alikuwa anacheka. Midomo ikahangaika, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Sa... sabuni."

"Miaka thelathini na moja ya ndoa," Mkuu akasema, akilia na kucheka, "na neno la kwanza unanipa sabuni."

Mzee akainua mkono wa kushoto, akaonyesha chini ya tangi. Mkuu akamjibu kwamba Makarani wako likizo, wanaripoti kazini mwezi ujao, na Daktari atafuata; watakwenda kuwachagua pamoja, yeye na kiti chake. Akamsimulia jinsi Mama Tangi alivyowatambua mmoja mmoja kwa umbea wa mumewe wa kila jioni. Fundi saa aliacha kutazama samaki, akamgeukia mkewe.

"Ulidhani sisikii?" Mkuu akauliza.

Mumewe akapapasa kiti cha pembeni. Mkuu akakaa. Kwenye kona ya tangi sponji ya kahawia ilikuwa inatazamana naye, chafu kupita kiasi. Akaikalia mikono yake yote miwili isije ikaichukua kuiosha, akamuuliza mumewe ni nani kati ya Mashemeji wapya aliye mkorofi, naye akasogea karibu na kioo, akaanza kumwonyesha.