Visu Vilivyochovywa Mara Tatu

Shangazi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alitoa bapa la kisu motoni kwa koleo, akaligusisha kwenye sumaku iliyoning'inia kwa waya, na sumaku ilipokataa kulishika, dalili kwamba limeiva, akalitumbukiza kwenye debe la mafuta. Moshi ukapanda kidogo. Lilipopoa, akalirudisha motoni.

"Dada, hilo lishakuwa gumu," alisema kaka yake, macho kwenye simu. "Mara moja inatosha. Unachoma mkaa bure."

"Mara tatu, kaka."

Walikuwa wakibishana hivyo tangu baba yao awaachie karakana wote wawili. Kibao cha nje kilikuwa na jina la kaka peke yake, kwa sababu aliyekwenda kwa mchora vibao ni yeye. Kaka alijua kuongea na wateja. Chuma alikijua Shangazi.

Siku hiyo aliamua kumaliza ubishi. Kutoka springi moja ya lori alitengeneza visu viwili, kimoja akakichovya mara moja, kingine mara tatu. Vipande vilivyobaki alivichovya vivyo hivyo, akavibana kwenye jiliwa na kuvivunja. Ndani, kipande cha mara moja kilikuwa na chembe kubwa kama sukari. Cha mara tatu kilikuwa laini kama unga. Kisha akaanza kukata kamba. Kisu cha kwanza kilichoka kwenye kamba ya arobaini. Cha pili kilipita mia, na kwenye kamba ya mia na kumi kikaanza kuimba.

Kiliimba kwa sauti ya Shangazi mwenyewe, ya puani kidogo, ule wimbo usio na maneno aliozoea kuuimba akiwa kazini, pamoja na pale anapokosea siku zote. Alipoacha kukata, kikanyamaza. Shangazi akaandika kwenye daftari: "Mara tatu: kamba 110. Kinaimba." Halafu akaenda kula.

Kaka alikijaribu, akauliza kama sauti inaweza kupunguzwa. Akauliza pia, kama ni hivyo, kwa nini isiwe mara nne. Shangazi akajaribu. Mara ya nne haikuongeza makali. Ilileta kikohozi tu.

Visu vikatoka kama maandazi ya asubuhi. Mpishi wa hoteli alikata kabichi kwa mapigo ya wimbo. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alikuwa akikata mkate vipande vyembamba sana, ili wimbo usiishe haraka. Mama mmoja alirudi kulalamika kwamba chake kinaimba polepole. Shangazi akamwambia akate haraka.

Ndipo akaja mkaguzi wa chama cha mafundi, na fomu zake za cheti. Alikata ngozi, kisu kikaimba. Katikati ya wimbo kikasita kidogo, kikasema kwa sauti ya Shangazi, "Subiri lipoe kabisa, ndipo urudishe motoni."

"Ushauri mzuri," mkaguzi alisema, akauandika. "Nani amekitengeneza?"

"Mimi," alisema Shangazi.

"Mimi," kisu kikasema.

Mkaguzi akaitazama fomu, akatoka nje kusoma kibao, akarudi. Akaeleza kwa upole kwamba sehemu ya jina la fundi hujazwa kama ilivyo kwenye kibao. Kaka alijikuna shingo. Akatia sahihi. Bapa lililokuwa tanuruni lilishaiva rangi, na rangi haisubiri mtu. Shangazi akaenda kulitoa.

Cheti kilipoletwa kwa jina lake, kaka alimnunulia Shangazi soda mbili baridi, akakitundika ukutani kikiwa kimepinda. Shangazi akakinyoosha.

Jioni alirudi nyumbani wakati majiko yote ya mtaani yanawaka. Nyuma ya kila dirisha vitunguu vilikuwa vikikatwa, na katika kila dirisha ilitoka sauti ya Shangazi mwenyewe. Jirani alimsimamisha mlangoni, kisu mkononi.

"Kaka yako ana sauti tamu, jamani. Laini, mpaka utadhani ya mwanamke."

"Nitamfikishia," alisema Shangazi.

Akaendelea na safari. Baada ya nyumba mbili akaanza kuimba, juu kidogo ya sauti ya visu. Visu vya mtaa mzima vikashusha sauti kumpisha, vikamwitikia, vikamsindikiza mpaka mlangoni kwake.