Mlango wa Mama Magodoro

Jumanne asubuhi Mama Magodoro alifagia kibarazani, akatundika foronya tatu kwenye msumari, akakaa kushona godoro la pamba la mkunga mmoja mwenye mgongo mbovu. Saa tatu mteja akaingia mlangoni. Hakutokea ndani. Alitokea duka kubwa la magodoro upande wa pili wa mji, juu ya kapeti, katikati ya vitanda vya maonyesho. Akatazama huku na huku, akauliza bei, akanunua, akarudi kwao kwa basi na godoro lake la sponji. Aliyefuata vivyo hivyo. Na mkunga naye, ambaye alikuja kuchukua godoro lake mwenyewe.

Mkunga alirudi kwa miguu, akasimama dirishani.

"Mama, mlango wako una shida."

"Shida gani tena?"

"Nimeingia mara mbili. Mara mbili wamenikaribisha kwa juisi."

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Miaka mitatu iliyopita mkwe wake, yule tunayemwita Mtambo maana hakuna simu asiyoifungua, alimtengenezea mama tovuti. Picha za magodoro, namba ya simu, na jina la mtandaoni, Mama Magodoro, lile lenye nukta katikati, ambalo watu wakiliandika wanafika. Karatasi ya kuonyesha jina ni la nani mama hakuiona. Mkwe haulizwi karatasi. Ukimuuliza ni kama umempekua mifuko mbele ya wageni.

Basi mama akatoka kwa dirisha, maana mlango asingeuamini, akaenda kwa karani anayeandikisha majina ya mtandaoni, juu ya duka la miwani. Karani akabonyeza bonyeza.

"Hili halijawahi kuwa lako, mama. Liliandikwa la kijana mmoja. Muda umekwisha, hakulilipia, duka kubwa wamelichukua."

"Wananiita hivyo tangu binti yangu hajaota meno!"

"Mdomoni ni lako. Huku, mwenyewe ni aliyeandikwa. Tena hulinunui likaisha hapo. Unalipanga kama chumba, mwaka kwa mwaka. Ukisahau, anahamia mwingine."

"Na mlango wangu?"

"Mlango unafuata jina," karani akasema, huku anatafuta kalamu. "Wiki hii wewe ni wa nne."

Wakatafuta jina jipya. Mama alitaka Magodoro Bora ya Pamba Safi ya Mama Mwenyewe. Karani akamuuliza nani ataandika msafara wote huo kwa kidole gumba. Wakakata, wakakata, ikabaki Pamba ya Mama.

"Mwenye jina ni nani?"

Jina la mkwe lilikuwa limeshamjaa mdomoni, kwa heshima tu, kwa mazoea. Akalimeza. Lilishuka taratibu kama kidonge kikubwa.

"Mimi," akasema. "Na barua pepe iwe yangu. Kama sina, nifungulie."

Aliporudi alisimama mlangoni kwake muda mrefu, mkoba kifuani. Akatanguliza mguu mmoja. Akasikia harufu ya pamba. Jamani! Aliingia mzima mzima, akajitupa juu ya godoro la mkunga, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akapitiwa na usingizi mchana kweupe, viatu miguuni. Mkunga akaingia kwa mlango, akamkuta, akakaa kumsubiri.

Jumapili Mtambo alikuja kula.

"Mama, nasikia umechukua jina jingine. Si ungeniambia tu nikufanyie?"

"Kula, mkwe wangu, chakula kinapoa."

Akala, akaongezwa. Majina ya mtaa mzima, la fundi cherehani, la muuza vioo, la kinyozi, yalikuwa bado yake, kwenye simu yake. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu zamu ikawa ya kinyozi, ambaye Mtambo ni shemeji yake. Wateja wake waliingia mlangoni na ndevu zao, wakatokea benki iliyolichukua jina lake. Na kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakapanga foleni.