Herufi Mbili za Mkurugenzi

Serikali ya Chini kwa Chini ilikuwa juu, katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Kufika huko ulibonyeza vitufe vya tatu na nne kwa pamoja. Lifti ikaguna, ikasita kama mtu aliyeulizwa umri wake, kisha ikakufungulia korido yenye zulia la kijani, benchi moja refu na bango: SAMAHANI, UKARABATI UNAENDELEA. Uchawi mwingine wote wa pale ulikuwa cha mtoto mbele ya bango hilo. Lilikaa miaka ishirini na hakuna raia aliyelisoma akashangaa.

Humo alifanya kazi mpiga chapa mmoja aliyeitwa Bi Mkato. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu aliweza kurudisha barua ya mkubwa mara tatu kwa ajili ya mkato mmoja uliokaa vibaya. Yeye mwenyewe hakuwa mchawi hata wa kusingiziwa. Wachawi wote pale walijua kupaa, kutoweka na kugeuka paka; wa kuandika barua ikaeleweka hakuwapo, ndiyo maana wakamwajiri.

Wiki mbili nyuma, Mkurugenzi wa Usiri alikuwa amerudi kutoka kwenye mkutano wa serikali za siri arobaini na moja. Alirudi na begi jipya na maneno mengi.

"Wenzetu wako mbali jamani," aliwaambia wakati wa chai. "Kuna nchi moja ya baridi, serikali yao imejificha ndani ya foleni. Foleni tu! Watu wanasimama, hawaulizi ni ya nini. Baraza la mawaziri ni wale ishirini wa mbele."

"Na wale matajiri?" aliuliza karani wa masijala, mzee mwenye kazi ya kupiga mihuri na kutunza mafaili.

"Wameingiza uchawi wote kwenye kompyuta. Sasa nywila imepotea, hakuna anayepaa mpaka fundi arudi kutoka likizo. Ila walioniacha hoi ni wale wanaochapisha siri zao zote. Ripoti ya kurasa mia tisa kila mwaka, na inagawiwa bure! Hakuna aliyewahi kufika ukurasa wa nne."

"Na wale waliopinduana?"

"Walipinduana kwa siri mno. Rais wa zamani bado anakwenda kazini. Hajaambiwa."

Mkutano huo ulikuwa umepitisha waraka mmoja kwa wote: raia yeyote atakayeshuhudia uchawi, asahaulishwe. Yaani apulizwe kidogo, asahau alichokiona, aende zake akapike. Bi Mkato aliuchapa vizuri. Tatizo, neno la mwisho lilisukumwa likaangukia ukurasa wa pili, peke yake, kama mgeni asiyekaribishwa. Mkurugenzi alikuwa na imani moja tu maishani, nayo ni kwamba waraka wa mtu mwenye akili hauzidi ukurasa mmoja. Akachukua kalamu nyekundu akakata herufi mbili, s na h.

"Sasa linatosha," alisema.

Bi Mkato aliliona. Asahauliwe. Alifungua mdomo, akautazama uso wa bosi wake, akakumbuka kwamba wiki hiyo alishaitwa mbishi mara nne. Akaufunga. Mtu aliyekuwa tayari kugombana na dunia nzima kwa mkato aliachia herufi mbili zipite, akavaa koti akaenda nyumbani.

Uchawi hauulizi mtu alimaanisha nini. Unafuata kilichoandikwa. Na kilichoandikwa sasa kilisema aliyeona uchawi asahauliwe: yeye akumbuke kila kitu, ila asikumbukwe na mtu.

Jumatatu iliyofuata Bi Mkato alisahau miwani nyumbani. Mama yake, fundi cherehani wa mtaani kwao, aliiona juu ya meza, akaacha kaptula ya mteja mdomoni mwa sindano, akaibeba. Kwenye lifti, kikapu chake kiligonga vitufe viwili kwa pamoja. Mlango ulipofunguka, alimkuta Mkurugenzi ananing'inia hewani chini ya dari, tai imemlalia usoni, anabadilisha balbu. Ombi la ngazi lilikuwa linashughulikiwa mwaka wa sita.

"Shuka, utaanguka!" mama alimkaripia.

Kabla Bi Mkato hajatoka ofisini, fomu ya kumsahaulisha mama kwa watu wote ilishajazwa na kusainiwa. Ilifanya kazi polepole, mtu mmoja mmoja; saa kumi jioni, masijala itakapofungwa, ingekuwa imekamilika.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuletea macho yako, mwanangu. Na huyu bwana hapo juu mwambieni ale ugali, mwepesi mno."

Bi Mkato alimkalisha kwenye benchi na kukimbilia simu iliyokuwa inalia mezani. Ilikuwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja.

"Hebu nisaidie," sauti ya mama mdogo ilikuwa na furaha ya ajabu. "Hivi mimi si ndiye kifungua mimba kwetu? Nimekaa hapa naona kama nimeonewa maisha yangu yote kwa kuitwa wa pili. Wa pili baada ya nani?"

Bi Mkato alikata simu. Akachukua kalamu akaandika kwenye kiganja: ALIYE KWENYE BENCHI NI MAMA YAKO. Kisha akaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Bosi, zile herufi mbili. Zinafuta watu."

"Kaa kwanza." Mkurugenzi alikuwa anafuta vumbi la dari kwenye nywele. "Unajua kwamba tangu waraka utoke hatujapokea lalamiko hata moja? Zamani watu walilalamika: mume wangu amerudi hakumbuki jana alikuwa wapi. Sasa kimya. Makao makuu wametupongeza."

"Watalalamikaje wakati hakuna anayewakumbuka?"

"Ndiyo ufanisi huo."

"Wako wangapi?"

"Kumi na mmoja. Na huyo mama wa leo."

"Huyo mama wa leo ni mama yangu."

Mkurugenzi aliacha kufuta nywele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisini. "Pole sana. Lakini kurekebisha waraka ni sahihi arobaini na moja, na mkutano unaofuata ni baada ya miaka mitatu. Halafu wenzetu wa kwenye foleni wanasaini kwa kufuata zamu. Vumilia kidogo. Kufika jioni hata wewe haitakuuma."

Hilo ndilo lililomwuma.

Alishuka masijala, akaomba faili. Mafaili hayasahau, kazi yao ni kupotea tu, na hili kwa bahati lilikuwa halijapata nafasi. Walikuwamo wote: dereva wa teksi, mwalimu wa hesabu, muuza magazeti, na pacha mmoja ambaye mwenzake, kwa mujibu wa maelezo pembeni, alikuwa anauliza kwa nini alinunuliwa baiskeli ya viti viwili. Kumi na mmoja, na wa mwisho mama.

Saa nane na nusu Bi Mkato alipita kwenye korido kwenda kuchukua karatasi. Pale kwenye benchi kulikuwa na mwanamke mtu mzima, kikapu mapajani.

"Umeshahudumiwa, mama?" alimwuliza kwa upole.

Mwanamke yule alimtazama kwa muda. Kila mwanamke wa umri ule huitwa mama kila kaunta, kwa hiyo neno lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye sauti.

"Hiyo ni mama ya kaunta," alisema taratibu. "Si ya nyumbani."

Bi Mkato alitabasamu lile tabasamu la wateja, akageuka, akainua mkono kusukuma mlango. Akaona kiganja. Alirudi, akamshika mwanamke yule mabega, kisha akakimbia.

Kurekebisha waraka haikuwezekana. Lakini palikuwa na karatasi moja pale ofisini ambayo haikuhitaji mkutano wa mtu: barua ya kukumbusha. Zilitoka hamsini kwa siku. Anayeziandika hazisomi, anayesaini hazisomi, anayeandikiwa ndiyo kabisa. Zote zilikuwa na sentensi moja: Mhusika akumbushwe. Bi Mkato aliketi, akapachika majina yote kumi na mawili, akaondoa sh akaweka k. Mhusika akumbukwe.

Akaichomeka katikati ya nyingine arobaini na kuzipeleka kusainiwa. Saa tisa na dakika ishirini. Mkurugenzi alisaini, akasaini, akapiga mwayo, akasaini, akasimama.

"Hili neno mbona si lile la siku zote?"

Bi Mkato alikuwa anakodolea kiganja chake akijaribu kuelewa ni mwandiko wa nani. Lakini ulimi wake ulikuwa umefanya kazi kwa bosi huyu miaka saba, ukajibu wenyewe:

"Limepungua herufi moja, bosi. Hivyo barua inatosha ukurasa mmoja."

Uso wa Mkurugenzi ulichanua. "Unaona sasa! Umeanza kujifunza." Akasaini mara mbili kwa furaha.

Ilibaki mhuri tu barua ianze kazi, lakini njia ya kwenda masijala ilimshinda Bi Mkato katikati. Alisimama kwenye ngazi na karatasi mkononi kama aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Benchi gani? Mama wa nani? Yeye alikuwa na mama? Kila mtu huwa naye, akawaza, hata mimi lazima nilikuwa naye, mtu hajitokezei tu. Wino wa kiganja ulikuwa umechujuka kwa jasho, limebaki neno moja tu: YAKO. Hakujua ni nini kilicho chake, ila kama ni chake hakuwa tayari kukiacha. Akateremka.

"Tunafunga," karani wa masijala alisema, mkono kwenye kitasa.

"Mzee wangu, mhuri mmoja tu."

"Kesho."

"Barua hii nimeileta mwenyewe, sikutuma mtu. Nimeshuka ngazi zote."

Mzee alishusha pumzi ya miaka thelathini kazini, akaupulizia mhuri, akaugonga.

Kila kitu kilirudi kwa mkupuo: harufu ya mafuta ya cherehani, chaki ya fundi, sauti ikimwita kutoka dirishani. Simu ya masijala ikalia, mama mdogo alikuwa analia kwa hasira: "Nilikuwa wa kwanza nusu siku tu! Nusu siku!" Na kwa kuwa barua ilisema akumbukwe bila kutaja na nani, ilifanya kazi kwa wote. Bi Mkato alipofika kwenye korido alimkuta Mkurugenzi amesimama mbele ya benchi, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Wewe ndiye uliyenishonea sare ya darasa la kwanza! Mguu mmoja ulikuwa mrefu!"

"Ulikuwa hutulii nikupime," mama alijibu. "Naona hata leo hukai chini."

Kisha Mkurugenzi akakumbuka na kazi yake. Akamvuta Bi Mkato pembeni. "Lakini bado ameniona juu. Lazima asahaulishwe."

"Asahaulishwe?" Bi Mkato alilitamka polepole, herufi zote. "Hilo neno tulilifuta, bosi. Fomu zake mlizichoma waraka mpya ulipotoka. Zilizopo ni za asahauliwe, na huyu ameshakumbukwa kwa barua yenye sahihi yako. Mbili."

Mkurugenzi aliangalia dari. Balbu ilikuwa inawaka vizuri.

"Basi aseme hakuona kitu."

"Nilimwona mtu mzima anabadilisha balbu bila ngazi," mama alisema kutoka kwenye benchi. Masikio yake hayakuhitaji uchawi. "Nikimwambia nani atanishangaa? Wataniuliza tu kama balbu iliwaka."

Akapekua kikapu, akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake na kumnyooshea binti yake.

Bi Mkato aliivaa. Mambo yote yakakaa mahali pake, pamoja na uso wa mama, uliokuwa umechoka na bado unamkagua.

"Asante, mama."

"Ya wapi hiyo?"

"Ya nyumbani."

"Haya," mama alisema akiinuka. "Kachukue koti lako. Nina kaptula ya watu imekaa kwenye sindano tangu asubuhi."