Nati ya Klachi Chini ya Barabara

Mimi nimeendesha treila miaka thelathini na moja, Mombasa mpaka Kigali. Juzi nimefundishwa klachi na mtu niliyembeba mgongoni akitoka kamasi. Ni sawa. Ukishazeeka kila mtu ni mwalimu wako.

Wacha nianze na maji. Sisi tunakaa hapa Malaba, upande wa kulia ukienda Uganda. Maji nayo iko upande wa kushoto, kwa kisima cha kanisa. Katikati ni barabara, na kwa barabara ni foleni ya treila, na katikati ya treila na treila boda boda zinapita kama zimeitwa mbinguni na zimechelewa. Mke wangu Roselida alikuwa anavuka hapo mara nne kwa siku na jerikeni. Wiki mbili zilizopita boda ikamgonga goti. Jerikeni ikapasuka, yeye akainuka akasema hakuna kitu. Kwao ni Marachi, na watu wa huko ndio hao, hata mguu ukitoka wote atakuambia hakuna kitu. Lakini asubuhi yake nilimuona akishika ukuta ndio atoke kitandani. Nikaenda kanisani kuomba maji ivuke.

Kanisa ikasema pampu iko, chukueni maji, leteni tu paipu. Kuchimba barabara hawakubali. Lakini chini yake kuna kalvati ya zamani ya kupitisha maji ya mvua, upana futi mbili, imejaa matope karibu nusu. Mtu haingii. Tulisukuma mti, ukakwama. Halafu foreman wa barabara, kijana wa heshima sana, akatuambia Ijumaa anaiziba na zege. Alitoa mpaka kofia akisema. Ukitaka kumalizwa, tafuta mtu wa heshima akumalize.

Sasa mjukuu wangu Winny, huyu anafanya kazi ya karatasi kwa ofisi ya clearing ya mizigo hapa mpakani, ako na gari ya rimoti. Jumapili wanashindana na wenzake kwa yadi ya treila. Watu wazima, wako na kazi, wanakimbiza gari ya ukubwa wa kuku. Mimi nilikuwa nacheka. Lakini ukiifungua ndani iko na difu mbili za kuzungusha tairi, propela ya kuzipelekea nguvu, klachi, kila kitu.

"Kuka," akaniambia, hivyo ndio anaita babu, na bibi ni kukhu, "nafunga kamba kwa hii gari. Ipite kalvati itokee kwa kukhu. Kamba ikishafika tunavuta paipu."

Jumanne akaijaribu kwa matope. Ikianza kuvuta, klachi inalia kriii, halafu inaenda. Akaifunika, akaiacha kwa meza na betri mbili, ya seli mbili na ya seli tatu. "Kesho jioni nikitoka kazi. Msiguse."

Sasa jirani yangu Emong akaja. Emong ni wa Amukura, alikuwa dereva kama mimi, na ni mtaalamu wa kila kitu isipokuwa zile kitu zimewahi kumshinda. Mwaka wa tisini na nne alivunja difu ya lori akitoka Jinja kwa sababu ya kukanyaga mafuta, na mpaka leo anasema ni mlima ulisonga.

Akanyakua gari, akazungusha tairi, akasikiliza kama daktari.

"Wabwire, hii klachi inateleza."

"Nimesikia."

"Klachi ikiteleza gari ni mgonjwa. Ulisoma wapi?"

"Sikusoma mahali. Wewe pia."

"Basi kaza. Na uweke hii betri kubwa. Kalvati ni mlima umelala."

Nikachukua spana namba nane. Nikakaza. Mimi mwenyewe, mkono huu. Kwa lori ukiona klachi inateleza unakaza, hiyo haina mjadala. Halafu tukaona, Winny wa nini? Jumatano mchana tukaenda wenyewe, tumfurahishe mama. Roselida akasimama upande ule angojee kamba.

Emong akashika rimoti. Akavuta yote mara moja, kama anafukuza mwizi. Gari ikaruka ndani ya kalvati, ikapiga matope, tukasikia kitu ndani kimelia taa! Halafu mota ikawa inalia peke yake, zzzz, kama nyuki kwa chupa, na gari haiendi.

Tukaivuta na kamba. Roselida akangoja kidogo, akaona hakuna mtu wa kumwambia kitu. Akajaza jerikeni, akavuka barabara nayo, akichechemea. Mimi nikamtazama mpaka akafika. Emong alikuwa anatazama Uganda.

Jioni Winny akafungua kifuniko. Ndani kuna gia ya plastiki, meno yote yameisha, laini kama ufizi wangu.

"Nani alikaza klachi?"

Emong akaangalia juu, kama anahesabu mabati.

"Labda ni mtetemeko," nikasema. "Treila zinapita nyingi."

"Mtetemeko uko na spana?"

Akatuonyesha pole pole, kama watoto wa nasari. Ile betri kubwa nguvu yake lazima ipate mahali pa kutokea. Klachi imewekwa iteleze kidogo ndio gia isivunjike. Ukiifunga kabisa, nguvu yote inashukia meno. "Hata difu ingekufa, kuka. Mumebahatika."

"Lori ya kweli haina mambo ya kubembeleza," Emong akasema.

"Ndio maana yako ilibaki Jinja, mzee," Winny akamjibu.

Alikuwa na gia moja tu ya akiba. Moja. Akaivalisha, akabadilisha pinion, ile gia ndogo ya mota, akaweka ndogo zaidi, akakata kipande cha karatasi ya ruhusa ya geti, ya kazini kwake, akakipitisha katikati ya meno ndio yasibanane. Akarudisha betri ya seli mbili. Akafika kwa nati ya klachi, akasimama.

"Ningejua ilikazwa kiasi gani ningeirudisha mahali yake. Hii gia ikienda, tumemaliza."

Roselida alikuwa amekaa na mguu juu ya stuli, anafunga kitambaa.

"Mizunguko mitatu na robo," nikasema. "Nilihesabu. Ile robo ilikuwa ya kiburi."

Roselida akakaza kitambaa. Winny akafungua mitatu na robo.

Alhamisi tukarudi. Rimoti alishika Winny, akavuta nusu, pole pole. Kriii, ikaenda. Kriii, ikaenda.

"Hii itafika Krismasi," Emong akasema.

Katikati Winny akaisimamisha, mota ipoe. Dakika tano nzima. Emong ameanza kuhema kama yeye ndiye anavuta. Winny akaanza tena, kriii, na kamba inaisha mkononi mwangu kidogo kidogo. Halafu simu yangu ikalia. Ni Roselida, kutoka ng'ambo ya treila.

"Nimeshika," akasema. "Imejaa matope kama nyinyi."

Paipu ikapita hiyo jioni. Ijumaa yule kijana wa heshima akamwaga zege, akaacha mahali ya paipu, akatoa kofia tena. Emong anazunguka Amukura akieleza vile alivyovuta maji chini ya barabara.

Jumamosi mfereji ukafunguliwa hapa nyuma ya jikoni. Roselida akajaza sufuria bila kuondoka mlangoni. Mfereji ulikuwa unadondosha kidogo pale kwa shingo. Nikaenda kwa boksi, nikachukua spana, nikarudi.

Roselida akanyoosha mkono tu, kiganja juu.

Nikampa spana.