Betri Zilizoandikwa Kigoma

Kabla kampuni ya betri haijaja, mvuvi wa dagaa akitaka betri ya taa alikwenda Kasingirima, hapa Kigoma mjini, kwa Fundi Semeni. Semeni hakusomea ufundi popote. Aliishia darasa la saba, akaolewa na mvuvi, na wavuvi walipoanza kuacha karabai na kuhamia taa za betri, yeye ndiye aliyezifungua zilizokufa ili ajue zimeuawa na nini. Alijifunza hivyo. Alinunua seli, akazipima moja moja, na aliyoitilia shaka aliitupa kwenye ndoo. Zilizobaki aliziunganisha, akazifungia ndani ya plastiki nene aliyoikata kwenye madumu ya mafuta ya kula, maji ya ziwa yasiingie. Betri ikirudi na kasoro, aliipokea na kuitengeneza upya. Alifanya hivyo miaka minane.

Mimi nilitoka Mwandiga nikiwa na cheti cha umeme wa majumbani na sina kazi. Alinipokea kama alivyowapokea wanawake wengine watano, akanifundisha mengi ambayo cheti changu hakikuyajua.

Halafu ikaja kampuni ya Hazina Umeme, ikapanga ghala Katubuka. Meneja wake, Bariki, alikuwa kijana mtanashati aliyejua kuzungumza. Alikuja mwenyewe hadi kwenye kibanda chetu, akamwamkia Semeni shikamoo, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alisema jua la nchi hii linazama kila siku na umeme wake bila mtu kuuweka akiba, na kila betri tunayotumia imetoka ng'ambo. Alisema kiwanda cha kwanza cha betri upande huu wa nchi kitakuwa Kigoma, na kwamba anahitaji mtu ambaye wavuvi wanamwamini.

Semeni alimwamini. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu siku hizi wanasema alifuata mshahara. Alikuwa na daftari lenye michoro ya betri anayoitaka, yenye mfuniko usiopitisha maji, ambayo ingeweza kuanguka ziwani ikaibuka. Alifunga kibanda, akaenda nalo Katubuka, na sisi wanawake sita tukamfuata.

Kontena la kwanza lilipofunguliwa tulikuta betri zilizokwisha kutengenezwa, kila moja na lebo ya nchi ilikotoka. Kazi yetu ilikuwa kulowesha lebo ile kwa mafuta ya taa, kuikwangua kwa wembe, na kubandika nyingine yenye picha ya ziwa na maneno "Imetengenezwa Kigoma". Bariki alisema ni kwa muda tu, soko lizoee jina. Mashine ya kulehemu seli ilikuwa imesimama katikati ya ghala, imefunikwa nailoni. Haikuwa na hata waya wa kuiunganisha na umeme. Mwezi wa tatu Semeni aliuliza, akaambiwa fundi wa mashine yuko njiani. Mwezi wa sita alijibiwa vilevile. Mwezi wa tisa vidole vyetu vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya taa, na hakuna aliyekuwa ameshika seli hata moja.

Siku moja asubuhi Marcel, mvuvi wa Kibirizi, alikuja getini na betri yetu chini ya kwapa. Taa zilikuwa zimemzimikia katikati ya ziwa, na mtumbwi mkubwa wa abiria nusura uwapande, yeye na wanawe wawili. Hakupaza sauti. Alimkabidhi Semeni ile betri kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Sikununua betri, Fundi," alisema. "Nilinunua jina lako. Walisema umo humu ndani."

Semeni aliifungua palepale, juu ya tofali. Safu ya juu zilikuwa seli za kweli, kuukuu. Safu ya chini zilikuwa maganda matupu yaliyojazwa mchanga ili betri iwe nzito. Mchanga ulimwagika kwenye kanga yake. Nimemjua miaka mingi, nimemwona akifiwa na mume, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

Alikwenda kwa Bariki. Bariki alimsikiliza hadi mwisho, akasema kila mzigo una mbovu zake, kisha akamkumbusha kwamba wiki inayofuata kuna mgeni kutoka wizarani, na kwamba yeye, Semeni, ndiye atakayesimama kwenye mashine.

Mgeni alikuja na magari manne na kamera. Nailoni ilikuwa imetolewa, mashine imefutwa vumbi. Sote tulivalishwa makoti ya bluu, na Semeni akaambiwa akanyage pedali na kutabasamu. Mgeni alimkaribia, akauliza kwa upole wanatengeneza betri ngapi kwa siku.

"Hatujatengeneza hata moja, Mheshimiwa," alisema Semeni. "Mashine hii haina umeme. Tunabandua lebo za watu na kubandika zetu. Na hiki ndicho kilichomo."

Akaweka mezani maganda ya Marcel, akayapindua. Mchanga ulitawanyika hadi kwenye viatu vya wageni. Bariki alicheka, akasema mama huyu amechoka na kazi. Nilimtazama yule mgeni, nikingoja aulize jambo lolote. Alitazama saa. Akasema hayo ni mambo ya ndani ya kampuni, yatazungumzwa, kisha akasogea kwenye bango kupigwa picha.

Tulivua makoti sote saba, tukayaacha sakafuni.

Jioni ile tulimwona Semeni kwenye taarifa ya habari. Alikuwa amesimama kwenye mashine, midomo inacheza, lakini sauti yake ilikuwa imeondolewa. Juu yake msomaji alisifu wanawake wa Kigoma wanaolitengenezea taifa betri. Wema, mdogo kwa umri kati yetu sita, alilia kwa hasira. Semeni alizima televisheni, akasema kesho tutafungua kibanda.

Tuliiandikia wizara barua, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Wavuvi hawakungoja. Walianza kurudisha betri, wakizipanga mbele ya geti la Katubuka hadi gari likashindwa kuingia. Jumapili moja bango lilishushwa, ghala likahamwa, mashine ikaondoka na nailoni yake. Hakuna aliyekamatwa.

Sasa tunatengeneza betri Kasingirima, na juu ya kila moja tumeandika kwamba seli zimetoka nje na kazi ni yetu. Mwezi uliopita lilitangazwa dirisha la maombi ya ruzuku ya serikali kwa watengenezaji wa betri wa ndani. Fomu ilitaka picha ya jengo la kiwanda na cheti cha elimu ya juu cha msimamizi. Nilimjazia Semeni, na kwenye elimu akaniambia niandike darasa la saba, nisipunguze wala nisiongeze. Tulipeleka fomu pamoja na betri moja, yenye ule mfuniko wa daftarini.

Karani wa ofisi ya mkoa alisema meza yake hupokea karatasi tu. Semeni aliishusha betri juu ya fomu, akaunganisha taa, akaiwasha.

"Ifungueni," alimwambia. "Nitakaa hapa mpaka apatikane wa kuifungua."

Akavuta benchi, akaketi. Nami nikaketi kando yake.