Ute wa Mayai Mia Moja Hamsini

Mtunza stoo wa maabara, ambaye wanafunzi walimwita Bi Kufuli alipokuwa mbali, aliisoma fomu ile mara tatu. Mayai, trei moja. Sukari maalumu, kopo moja. Spiriti. Hapo palikosekana mishumaa tu, na mtu wa kuipuliza.

Hakuwa mtu wa kuwadhania watu vibaya bila sababu. Aliitafuta sababu kwanza. Aliyemtangulia stoo alifukuzwa kazi siku asali ya utafiti ilipokutwa ndani ya uji wa wafanyakazi. Tangu hapo amri ilikuwa fupi: kitu cha stoo kikiliwa, mtunza stoo anaondoka. Na hii ilikuwa trei ya sita mwezi huu.

Akapanda ghorofa ya pili kwa kunyata, kazi ngumu kwa mtu mwenye funguo arobaini kiunoni. Alimkuta mtafiti peke yake, binti mwenye miwani na glavu, akiitazama chupa ikizunguka juu ya maji ya moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keki inaiva saa ngapi?"

"Keki gani tena?"

"Hiyo ya sukari maalumu."

Mtafiti akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Ikabidi aeleze. Dawa yao ya fangasi wa mapafu ilikuwa na maringo: haikubali kuchanganyika na maji, na damu ni maji kwa sehemu kubwa. Basi waliisafirisha kwa kificho. Ile sukari, iliyotengenezwa kwa wanga, ina umbo la pete, na dawa hujibanza katikati. Njia ya pili ni mafuta ya kiini cha yai. Yakikaushwa chupani kisha yakatiwa maji, hujikunja yenyewe yakawa vifuko vidogo kuliko vumbi, na dawa imo ndani. Wenyewe wanaviita liposomu.

Akatia maji. Utando wa mafuta ukabanduka, maji yakawa meupe kama maziwa. Bi Kufuli alivutiwa kwa muda wa pumzi mbili, akajikemea.

"Kwa hiyo mnatumia kiini."

"Kiini tu, mama."

"Kiini tu." Akavuta kiti, akakaa. "Na ute?"

Mtafiti akaigeukia chupa yake. Mashine iliendelea kuzunguka, maana yenyewe haikuwa na hatia.

"Trei tano nimeshawapa, mayai mia moja hamsini, mwanangu. Sinki lenu halijaziba. Pipa nimelikagua asubuhi, lina makaratasi."

"Mayai tunayavunjia jikoni, mama. Ute haujawahi kukaribia dawa."

"Sijauliza mnayavunjia wapi."

Mtafiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tunaukaanga," akasema. "Na kitunguu."

Bi Kufuli akapiga hesabu. Akiripoti, wa kwanza kufungasha ni yeye. Akinyima mayai, mkuu wa maabara atauliza kwa nini utafiti umesimama, na jibu ni lile lile. Akaomba kalamu. Kwenye fomu, mahali pa mabaki, akaandika kwa mwandiko wa barua za serikali: *Ute huteketezwa kwa moto, kila siku, saa saba mchana.*

"Mama, si uongo huo?"

"Neno lipi la uongo?"

Mtafiti akalitafuta, asilione.

"Ila uteketezaji hautambuliki bila shahidi," Bi Kufuli akasema, akitia saini. "Kesho nitakuwepo. Pilipili situmii."