Utelezi wa Tangi la Pili

Jumatatu moja ya Mei, saa mbili kasoro asubuhi, Tulinagwe alifunua tangi la pili akakuta utelezi umepanda hadi ukingoni, mzito, wa kijivu, kama uji wa ulezi uliosahaulika jikoni. Alichukua fagio la chelewa akaanza kuukwangua. Kiwanda kilikuwa kando ya barabara ya Ikolo. Kilikusanya karatasi chakavu za maofisini na mashuleni, kikazisaga na maji, kikatoa trei za mayai.

Fundi Sospeter, mtu wa Musoma, alikuwa amekwisha kumweleza siku nyingi.

“Hao ni bakteria, mama Glory. Kila kiwanda cha karatasi wamo. Wanapenda maji ya vuguvugu na wanga wa kwenye karatasi. Ukiwaachia, watanuka na kutoboa trei.”

Kwa hiyo kila Jumamosi walitiliwa dawa. Wiki ile mvua ilikata barabara, dawa haikufika, na Jumatatu trei zilitoka zimeandikwa.

Ya kwanza ilikuwa barua ya mwalimu mkuu kuhusu upungufu wa madawati. Wino wa bluu ulipanda juu ya vikombe na kushuka mabondeni bila kuruka hata herufi. Sospeter aliisoma yote, akaibonyeza kuona kama imekauka, akaiweka kwenye rundo.

“Wamekula mengi,” alisema. “Lazima wacheue.”

Wauza mayai walilalamika kwamba wateja wanakawia madukani wakisoma. Mwenye kiwanda aliuliza kama mayai yanavunjika. Aliposikia hayavunjiki, alirudi kula chakula chake.

Tulinagwe hakulala vizuri juma lile, kwa sababu alikumbuka magunia ya Machi. Lori la Fuso lilikuwa limeleta magunia hamsini ya karatasi kutoka hospitalini, yamefungwa kwa bendeji, naye aliyamimina kwenye tangi la pili kwa mikono yake bila kutazama ndani. Miaka miwili kabla, binti yake Glory alifia katika hospitali hiyo hiyo, uzazi wa kwanza, Alhamisi alasiri, yeye na mtoto. Uchunguzi ulifanyika kesho yake, ikatoka ripoti ya ukurasa mmoja. Ilisema: Mgonjwa alicheleweshwa nyumbani na mama yake.

Sentensi hiyo ilifika kijijini kwao Ndandalo kabla ya jeneza. Mume wa Glory aliacha kumwamkia mkwewe. Kwenye kwaya, wanawake walimwachia nafasi pana kwenye benchi, pana kuliko alivyohitaji. Tulinagwe aliomba faili ili aonyeshe saa waliyofika. Akaambiwa faili limepotea.

Sasa aliinama juu ya tangi.

“Ugonile,” alisalimia kwa Kinyakyusa, kama mtu anayeingia uani kwa watu. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa kuwa mafaili yaliandikwa kwa Kiswahili. “Natafuta habari za mwanangu. Mlimla mwezi wa tatu. Sina ugomvi na nyie.”

Utelezi ulitoa povu dogo, ukatulia.

Jumamosi Sospeter alikuja na dumu la dawa. Tulinagwe alikuwa amekaa juu ya mfuniko.

“Dawa haiingii humu,” alisema.

“Trei zitatoboka.”

“Zitoboke.”

Sospeter alilisukuma dumu chini ya ngazi.

“Basi uwalishe,” alisema. “Mwenye njaa hakumbuki vizuri.”

Tangu siku hiyo Tulinagwe alipita majirani kila alfajiri na ndoo, akiomba maji yaliyooshewa mchele. Mchele wa Kyela una wanga mwingi, na bakteria waliupenda. Walikumbuka kwa mwendo wao wenyewe. Ilibidi asome kila trei kabla haijaondoka: malaria za watu asiowajua, uzito wa watoto ambao sasa walikuwa wanakimbia njiani, dawa zilizoandikwa na hazikuwapo. Katika wiki ya saba aliona ripoti ya mwanamke wa Busale. Alicheleweshwa nyumbani na mume wake. Wiki ya nane, mwingine: na shangazi yake. Hadi wiki ya kumi zilikuwa saba, zote sentensi moja, aliyebadilika ni ndugu tu. Tulinagwe alizitenga. Siku za Jumapili, baada ya ibada, alizipeleka kwa wenyewe akiwa amezifunga kwa kanga. Mume wa yule mwanamke wa Busale, Ambwene, alisoma ya kwake akiwa amesimama kwenye jaruba la mpunga, maji yakimfika magotini.

“Nilimbeba mgongoni,” alisema. “Tulifika jua likiwa bado halijapanda.”

“Imeandikwa hapo chini,” Tulinagwe alimwambia. “Soma mpaka mwisho.”

Glory alitoka wiki ya kumi na moja, katika trei tatu. Amepokelewa saa moja na dakika arobaini asubuhi. Mama yupo nje. Saa tatu, mama ameulizia daktari. Saa tano, mama ameulizia daktari. Saa saba, mama ameulizia daktari, ameambiwa asubiri. Chini ya hapo kulikuwa na nafasi tupu ya vikombe vitatu, halafu saa ya kifo.

Tulinagwe alikaa sakafuni kwenye maji na trei mapajani. Sospeter alizima mashine, akaenda kusimama nje.

Kesho yake alizipeleka hospitalini. Masjala ilikuwa chini ya Emerensiana, mwanamke wa Bukoba aliyehamishiwa Kyela mwaka uliotangulia. Alizisoma trei kwa mpangilio, akizielekeza dirishani.

“Mwandiko huu naujua,” alisema. “Ni wa muuguzi aliyehamishwa. Ni faili lenyewe, mama.”

“Basi futeni ile sentensi.”

“Mimi napokea tu. Kufuta ni kazi ya kamati ya uchunguzi.”

Alizigonga muhuri wa Imepokelewa, akiukandamiza taratibu ili asizibonyeze.

Kamati ilichukua muda kuketi. Tulinagwe alikuja kila Jumatatu kuuliza, na kuanzia Jumatatu ya nne alikuja na wale saba aliowapelekea trei. Walikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kila mmoja na trei yake. Mwezi wa tisa waliitwa ndani. Mwenyekiti alikuwa mpole, aliwapa soda.

“Hapa hakuna anayebisha kwamba bakteria wamesema kweli,” alisema. “Ila ripoti zilikwisha kufungwa. Hatuna utaratibu wa kufungua ripoti iliyofungwa.”

“Aliyezifunga ni nani?” Tulinagwe aliuliza.

“Kamati.”

“Kamati si ndiyo nyie?”

Mwenyekiti alisema hoja imenukuliwa. Kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo trei zote za namna ile zitatambuliwa kuwa nyaraka halali, zipewe namba na kutunzwa masjala. Ambwene aliiacha soda yake bila kuifungua.

Trei zilitunzwa. Zilikuja kila wiki, zikajaza rafu, zikajaza dirisha. Mwezi wa kumi na moja Fuso lilisimama tena kiwandani na magunia thelathini yaliyofungwa kwa bendeji. Emerensiana alishuka mbele, upande wa abiria.

“Wameamua kutoa mafaili ili trei zipate nafasi,” alisema. “Nimewaambia. Hawakunisikia.”

“Na ile ripoti yetu?”

“Ipo vile vile, mama.”

Tulinagwe alikata bendeji ya gunia la kwanza. Safari hii hakulimimina. Alitoa faili moja, akalifungua juu ya tangi, akasoma jina, kijiji, saa ya kupokelewa na saa ya kuondoka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Ndipo akalitia majini. Sospeter alizima mashine ili bakteria wasikie vizuri. Emerensiana alitazama mafaili matano yakienda, akavua viatu vyake vya ofisini, akavipanga ukutani, akafungua gunia la pili.

“Niwasomee na anwani?” aliuliza.

“Kila kitu,” alisema Tulinagwe. “Na majina ya waliokuwa zamu.”